Maneno Magumu na Mtihani wa Mei

Mazungumzo ya leo nimeyaelekeza kwa kaya zenye kijana wa kidato cha tano au cha sita, na zile zenye kijana aliyemaliza kidato cha nne Novemba na sasa yuko nyumbani akingoja kupangiwa shule. Hapa Arusha, ukifuata barabara ya Namanga kutoka Mianzini hadi Sakina na kuendelea Ngaramtoni, stesheneri hazikosekani, na katika stesheneri za aina hiyo, kando ya madaftari na mashine ya fotokopi, huuzwa pamfleti za kila somo. Miongoni mwake vimo vijitabu vya msamiati wa Kiingereza: maneno magumu yaliyopangwa kwa alfabeti, kila neno na maana yake mbele, mia tano, elfu moja, pengine zaidi. Mzazi ananunua kwa nia njema. Kijana anajifungia chumbani na kuanza kukariri. Nami nasema kijana huyo anajiandaa kwa mtihani ambao haupo.

Tuutazame mtihani wenyewe. Hapa kwetu Tanzania mlango mkuu wa chuo kikuu ni mtihani wa kidato cha sita, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na kufanyika Mei. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamtaka mwombaji anayepita mlango huo awe amefaulu angalau masomo mawili ya tahasusi yake kwa jumla ya pointi 4.0, ambapo A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hakuna karatasi inayomwuliza mtoto wa PCB au HGE maana ya "garrulous" au "obfuscate". Lakini msininukuu vibaya: sisemi kwamba msamiati wa Kiingereza haupimwi. Unapimwa sana, tena kila siku ya mtihani, kwa sababu ukiondoa Kiswahili na lugha nyingine, masomo karibu yote yanaulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza, kuanzia Historia hadi Kemia. Tatizo ni kwamba maneno yanayopimwa humo siyo yale ya kwenye kijitabu.

Maneno ya kijana wa kidato cha sita yanagawanyika sehemu tatu. Kuna maneno ya somo, kama "photosynthesis" au "mercantilism". Haya hayamwangushi sana, maana mwalimu huyaandika ubaoni, huyaeleza, na huyarudia mpaka yanakuwa majina tu ya vitu anavyovijua. Kuna maneno adimu ya kijitabu, ambayo hayamwangushi kwa sababu hakutani nayo. Katikati kuna kundi la tatu, na ndilo linaloumiza: maneno yasiyo ya somo lolote lakini yanayobeba masomo yote. "Assess", "imply", "whereas", "despite", "account for", "to what extent". Mwalimu wa Biolojia hayafundishi kwa kuwa, kwa maoni yake, hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza naye anaamini yalishafundishwa kidato cha kwanza. Mwanafunzi anayaona kila siku, na kwa sababu anayaona kila siku anadhani anayajua. Swali likianza na "account for" linataka sababu za jambo kutokea. Yeye anasimulia jambo lilivyotokea, tarehe kwa tarehe, kurasa mbili safi, na maksi hazipatikani. Swali likisema "to what extent" linataka apime, akubali hiki na akatae kile. Yeye anaorodhesha hoja sita za upande mmoja kama alivyozikremu kwenye pindi la jioni.

Hili halihitaji kuaminiwa kwa neno langu. Kila baada ya mtihani NECTA hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, na huziweka wazi kwenye tovuti yake. Ukizisoma za miaka tofauti utachoka na marudio yake. Pale walipofanya vibaya, sababu zinazotajwa tena na tena, mbali na kutojua mada, ni mbili: mtahiniwa hakuelewa swali linadai nini, au Kiingereza chake hakikutosha kuandika alichokusudia. Taarifa hizo hazina gharama ya kuzipata zaidi ya bando, na kwa maoni yangu zinafaa kuliko nusu ya pamfleti zinazouzwa mjini Arusha. Ajabu ni kwamba wanafunzi wengi humaliza kidato cha sita bila kuwahi kusoma hata moja.

Wataalamu wa msamiati wamelifanyia jambo hili hesabu. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyekuwa amefundisha miaka mingi Bengal, alichapisha orodha ya maneno takribani 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akachukua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno milioni 3.5, kutoka fani za sanaa, biashara, sheria na sayansi, akayaweka kando yale ya West, kisha akatafuta maneno yanayojirudia katika fani zote. Akabaki na familia 570, yaani "analyse", "analysis" na "analytical" zikihesabiwa kuwa kitu kimoja. Familia hizo 570 peke yake hubeba karibu asilimia 10 ya maneno ya kitabu cha chuo. Kwa lugha nyepesi, katika kila mstari wa kitabu hicho utakutana na moja kati ya hizo. Hilo ndilo kundi la katikati nililolitaja, na wala halina maneno ya kujionyesha.

Mtu makini ataniambia hapa kwamba 570 hazitoshi, na atakuwa sahihi. Paul Nation, naye wa New Zealand, alionyesha mwaka 2006 kwamba ili mtu asome gazeti au riwaya ya Kiingereza peke yake, akijua asilimia 98 ya maneno yaliyomo, anahitaji familia kati ya 8,000 na 9,000. Lakini fuateni hesabu hiyo mpaka mwisho. Kuanzia Julai kijana anapoingia kidato cha tano hadi Mei ya mtihani ni kama miezi 22. Tukimhesabia kuwa anajua tayari zile 2,000 za West, kufika 9,000 kwa kukariri kunadai maneno zaidi ya kumi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na asisahau hata moja. Haiwezekani. Zile 570 zinadai maneno sita tu kwa wiki. Kinachobaki, huo umbali mrefu kati ya hapo na 9,000, haujawahi kuvukwa na mtu kwa kijitabu; unavukwa kwa kusoma, na kusoma ni jambo la miaka.

Sasa niwajibu wanaotetea kukariri, maana hoja yao si ya kupuuza. Wanasema: kila aliyefaulu katika nchi hii alikariri, na orodha angalau inaonekana, inahesabika, mzazi anaweza kuishika mkononi na kumwuliza mtoto maneno kabla ya chakula cha usiku. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Kujiuliza kunasaidia kweli. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima bila kutazama andiko walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliolisoma upya. Kwa hiyo mzazi anayemwuliza mtoto maneno anafanya jambo jema. Ninachokataa ni mambo mawili: orodha ya maneno yasiyotumika, na kuyakremu kwa mkupuo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipima kumbukumbu zake mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya saa na siku za kwanza. Neno lisiporudi, limekwenda. Na neno la kijitabu halirudi, kwa sababu haliko kwenye kitabu cha Jiografia wala kwenye swali la juzi wala kwenye gazeti.

Hapa Arusha tuna ushahidi wa namna neno linavyoshika. Waongozaji watalii wanaopeleka wageni Hifadhi ya Arusha, kwenye maziwa ya Momela na Kreta ya Ngurdoto, wengi wao hawakupita chuo kikuu, lakini wanataja kwa Kiingereza ndege ambao mhitimu wa shahada ya lugha hawezi kuwataja, na baadhi yao huwataja kwa Kijerumani na Kihispania pia. Ndege yuko mbele ya macho, mgeni anauliza, jibu linatolewa, na kesho mgeni mwingine atauliza lile lile. Neno linarudi, linarudi likiwa na kazi, na asiyelijua anapata bakshishi ndogo. Mwanafunzi wa kidato cha tano akikutana na "despite" mara thelathini katika mwezi mmoja, ndani ya sentensi zenye habari anayoitaka, naye atalishika vivyo hivyo, bila kulikariri.

Kuna kundi jingine litakalonipinga, dogo lakini lenye sauti katika mji huu wa mahakama za kimataifa na shule za kimataifa: wazazi ambao watoto wao wanaomba nafasi na ufadhili Marekani na hufanya mtihani wa SAT. Hao, wanasema, lazima wajue maneno adimu. Zamani walikuwa na haki. SAT ilianza mwaka 1926, na kwa miongo mingi ilikuwa na maswali ya kutafuta kinyume cha neno, mlinganisho wa maneno mawili, na kujaza pengo kwa neno lisilosikika mitaani. Lakini maswali ya vinyume yaliondolewa mwaka 1994, milinganisho ikaondolewa 2005, na katika mageuzi ya 2016 kujaza pengo kwa maneno adimu nako kukaondoka. Sasa mtahiniwa hupewa kifungu na kuulizwa neno la kawaida limebeba maana gani hapo lilipo, au neno gani linakaa sawasawa katika hoja ile. Wale waliobuni mashindano ya maneno magumu wenyewe wamerudi nyuma, na vijitabu vyetu bado vinayauza. Kwa mtoto wa SAT kama kwa mtoto wa NECTA, dawa ni ile ile.

Basi asome nini, na vitabu viko wapi? Nianze na ushahidi kwamba kusoma kunafaa hata penye umaskini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza katika shule za vijijini Fiji, kama 250 kwa darasa. Watoto ambao Kiingereza si lugha yao wakaachiwa wavisome au wasomewe. Ripoti yao ya 1983 ilionyesha watoto hao wakipiga hatua katika kusoma karibu mara mbili ya wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida ya mazoezi ya lugha. Sisi wenyewe tulionja jambo hilo. Kuanzia mwaka 1987, mradi uliofadhiliwa na Uingereza ulisambaza katika sekondari zetu vitabu vyepesi vya kusoma, vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu. Mradi ukaisha, na vitabu hivyo vikaisha navyo. Kilichobaki kwenye makabati mengi ni vitabu vya kiada na past paper.

Ni kweli kwamba vitabu ni haba, na simlaumu mwalimu wa shule ya kata mwenye nakala tano kwa darasa la watoto sitini. Lakini uhaba huo si sababu ya kununua kijitabu cha misamiati. Fedha ile ile inanunua kitu cha kusomwa. Gazeti la Daily News au The Citizen, hata la juma lililopita, lina maneno ya Coxhead kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa biashara. Maktaba ya Mkoa iko mjini, nauli ya daladala moja kutoka Sakina. Na miezi ile kati ya Novemba ya kidato cha nne na Julai ya kidato cha tano, ambayo wengi huimalizia kwenye madarasa ya maandalizi wakisomeshwa haraka haraka mada za kidato cha tano, ndiyo miezi pekee katika maisha ya mwanafunzi wa Tanzania asiyokuwa na mtihani mbele ya pua. Hadithi ishirini fupi katika miezi hiyo zina faida kuliko mada tatu za Kemia atakazofundishwa tena Agosti. Sisemi asome Shakespeare. Asome hadithi ya upelelezi kama ndiyo anayoipenda, mradi ageuze kurasa.

Nifike kwenye jambo litakalowakera wengi. Katika shule nyingi kuna kibao kinachoamuru Kiingereza tu, na adhabu kwa atakayesikika akisema Kiswahili. Wenye vibao hivyo hudai Kiswahili ndicho kinachoua msamiati wa Kiingereza. Ushahidi unaelekea kwingine. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima wanafunzi wetu na kuripoti kwamba takribani asilimia 10 tu ya wa kidato cha nne walikuwa wamefikia kiwango cha Kiingereza ambacho mtu angetegemea kifikiwe kabla ya kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Yaani baada ya miaka minne ya kufundishwa kwa Kiingereza, tisa kati ya kumi walikuwa bado hawajafika mlangoni. (Waandishi hao hao, ajabu ya mambo, wakashauri Kiingereza kiendelee kufundishia.) Miaka ya 2000, mradi wa LOITASA wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Oslo na Western Cape uliwafundisha baadhi ya wanafunzi wa sekondari kwa Kiswahili, na waliofundishwa hivyo walielewa somo na kushiriki zaidi kuliko wenzao wa Kiingereza. Mtu hawezi kushika neno la kitu asichokielewa. Mtoto aliyeelewa kwa Kiswahili kwa nini ukoloni mkongwe ulififia atalipokea neno la Kiingereza kama jina jipya la kitu anachokijua. Asiyeelewa atakariri jina la hewa. Na watoto wa huku, wa Kimeru na wa Kimaa cha Waarusha, Kiswahili chenyewe walikipata wakiwa tayari na lugha nyingine kichwani, wala lugha hiyo ya kwanza haikuwazuia kukijua. Kwa hiyo kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, ikae mezani bila aibu, na kwa watoto wa sayansi ile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya 1990.

Hapo wapo watakaosema ninazunguka mbuyu: kama Kiswahili kinaeleweka, mtihani wote uwe kwa Kiswahili na habari ya msamiati iishe. Nawaelewa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na kabla yake Tume ya Makweta ya 1982 ilipendekeza sekondari zihame kuanzia 1985. Mwaka 1985 ulipita, na 2015 ukapita. Mjadala huo uendelee, nami nina upande wangu, lakini kijana wa kidato cha tano hawezi kuusubiri. Mei yake itamkuta na karatasi ya Kiingereza, na hata tukihamia Kiswahili kesho, vitabu vingi vya Uhandisi na Tiba atakavyovikuta chuoni bado vitakuwa vya Kiingereza.

Neno langu la mwisho ni kwa watunga mtihani, siyo kwa watoto. Mwanafunzi wa shule ya mchepuo wa Kiingereza amekutana na "account for" tangu darasa la sita. Wa shule ya kata huenda alikutana nalo mara ya kwanza kwenye past paper. Wakikosea swali moja la Historia, mmoja hakuijua Historia, mwingine hakulijua neno, na alama inayotoka ni ile ile. NECTA ingeweza kuandaa ukurasa mmoja wenye maneno ya amri yanayotumika kuuliza maswali, kila neno na maelezo mafupi ya kinachotakiwa, na kuufikisha kila shule mwanafunzi anapoingia kidato cha tano. Nitaambiwa huko ni kushusha kiwango. Kiwango cha nini? Karatasi itabaki ya Kiingereza, majibu yataandikwa kwa Kiingereza, na asiyejua sababu za Vita vya Majimaji hataokolewa na ukurasa huo.